Mafundo Manane ya Siwatu

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, na wewe hapo nyuma acha kumfinya mwenzio. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima kama sisi, palikuwa na panya mjane, Siwatu, na watoto wake watatu. Marehemu mumewe aliwaachia shimo moja tu.

Mwaka wa njaa Siwatu akamwendea Nungunungu, rafiki wa marehemu. "Shemeji, watoto wanalala njaa. Nikopeshe mtama."

"Nitakupa vibaba vinane," akasema Nungunungu. "Riba, kila msimu, nusu ya ulichokopa. Misimu mitatu ikiisha, unilipe vyote pamoja. Ukishindwa, shimo lako ni langu."

Desturi yao ilikuwa kibaba kimoja, fundo moja. Wakafunga mafundo manane kwenye kamba mbili za ukindu, kila mmoja akashika yake.

Siwatu akalima, jamani, akalima! Msimu wa kwanza akatenga vibaba vinne. Wa pili, vinne. Wa tatu, vinne, pamoja na vile vinane vya mkopo. Alijinyima hata mbavu zikahesabika, na jembe mkononi akiimba:

*Nane mama, nne mwana,*
*kila msimu mama huzaa,*
*wana wangali wachanga.*

Siku ya malipo Nungunungu akaja, akahesabu vibaba ishirini, akatikisa miba. "Bado saba, shemeji. Nadai ishirini na saba."

Kidawa, kitinda mimba wake, akauliza, "Mama, leo tutalala wapi?" Siwatu alitaka kulia. Akajikaza.

"Shemeji, hebu toa kamba yako."

Lo! Kamba ilikuwa ndefu hiyo! Mafundo manane yamekauka, mengine mabichi.

"Nane ilizaa nne, ikawa kumi na mbili," akaeleza Nungunungu. "Kumi na mbili ikazaa sita, ikawa kumi na nane. Nayo ikazaa tisa."

Siwatu akalaza kamba yake kando ya ile. "Haya manane tulifunga sote. Hayo mengine nilikuja kuyakopa lini? Ulinipimia mtama upi?"

Nungunungu akafikiri, akafikiri. "Hukuja," akasema taratibu.

"Ulisema nusu ya nilichokopa. Nilikopa vinane, nusu yake vinne. Misimu mitatu, kumi na viwili. Ongeza vinane vyako, ishirini."

Miba ikalala yote. "Nisamehe, shemeji. Tamaa ilinihesabia. Shimo hili nilimsaidia marehemu kutoa udongo wake. Ningeingiaje humu mimi?" Machozi yakamtoka, akayakata mafundo mabichi kwa meno.

Akabeba mtama wake. Mlangoni akageuka, akammiminia Kidawa kibaba kimoja.

"Hiki si mkopo, mwanangu. Usikifungie fundo."

Basi wanangu, riba ihesabuni juu ya kilichokopwa, kama mlivyopatana. Lililosemwa siku ya kukopa ndilo lihesabiwe siku ya kulipa.

Nami hadithi yangu nimeifunga fundo hapa. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni mwenyewe.