Zulia Lililolazwa Kifudifudi

Ukitaka kulijua zulia, ligeuze. Ndivyo alivyowaambia shangazi yenu asubuhi hii, alipowasikia mkimcheka mke wa jirani. Mliacha kucheka, lakini naona hamkuelewa, maana mmenijia mmekodoa macho. Basi kaeni. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Kule Mombasa, mtaa wa Makadara, palikuwa na nyumba ya Wabulushi, na mwenye nyumba alikuwa mjane aitwaye Bi Zarbibi. Wazee wa mumewe walikuja kutoka ng'ambo na zulia moja la sufu, jekundu, lenye maua meusi, lililofumwa kwa mkono. Hapakuwa na mtu hai mtaani aliyelizidi umri. Lilitandikwa ukumbini Idd kwa Idd, na lilikuwa na mila yake: mke aliyeolewa nyumba ile hukaa mkekani pembeni, mpaka mama mkwe mwenyewe amwite juu ya zulia. Akiitwa, ndipo huhesabiwa mtu wa nyumba.

Mwanasha, mke wa mtoto wa Bi Zarbibi, alikuwa Mdigo wa Kwale, na hakuwa ameitwa. Idd zilikuja zikapita, naye yuko mkekani, anagawa kahawa na kutabasamu, na moyo unamuuma. Kila alichofanya kilitiwa kasoro: wali umezidi maji, ufagio umepita juu juu. "Mgeni ni mgeni," Bi Zarbibi aliwaambia mashoga zake, na Mwanasha jikoni anasikia.

Mwaka mmoja magoti ya Bi Zarbibi yaligoma. Idd ilipokaribia akamwambia mkwewe, "Litoe zulia ulikung'ute. Usilitie maji." Mwanasha akaona bahati yake hiyo. Kukung'uta, nani hawezi? Yeye atalitakatisha mpaka mama mkwe ashangae. Akangoja Bi Zarbibi ajikongoje kwenda kumtazama mgonjwa, akaliosha kwa sabuni na ndimu, akalitandaza uani. Tamaa ya sifa, wanangu, imewaponza wengi wenye nia njema.

Jua lilipolipiga, akaona. Nusu moja wekundu wake umekoza. Nusu ya pili umepauka kama tofali. Ukumbini mlikuwa na giza, na watu walilikalia, kwa hiyo hakuwahi kuliona lote kwa pamoja. Aliamini ameliunguza kwa ndimu. Alilia pale pale, kisha akafanya walifanyalo waoga wote: akaficha. Asubuhi ya Idd alilitandika kifudifudi, mgongo juu, akapanga mito.

Wageni wakaja. Mzee Dadkarim, shemeji yake Bi Zarbibi, ndugu wa marehemu mumewe, alikaa, akapitisha kiganja pale alipokaa, akasita.

"Nani ametulaza zulia kifudifudi?"

Bi Zarbibi akamtazama mkwewe, na Mwanasha akaona heri aseme mwenyewe.

"Ni mimi, ami. Mama alinikataza kulitia maji, nami nikaliosha. Nusu yake imechujuka. Niliona haya kuwaonyesha."

Mzee Dadkarim akacheka mpaka akakohoa. "Nusu ile ilikuwa hivyo kabla hatujazaliwa sisi."

"Rangi iliwaishia wafumaji, ndivyo nilivyoambiwa," Bi Zarbibi akasema kwa ukali. "Lakini maji nilimkataza."

"Uliambiwa nusu ya habari, shemeji. Hebu utazame mgongo."

Akamsaidia kuinama. Upande uliokoza, mafundo ya sufu yalikuwa madogo, yamebanana. Ilipoanzia rangi iliyopauka yakawa makubwa, yamelegea, mengine yamekwenda upande. Kisha, kadiri kidole cha Bi Zarbibi kilivyosogea, yakaanza kunyooka, na ukingoni hayakuwa na tofauti na yale ya mwanzo.

"Aliyeanza ni bibi wa babu yetu," akasema Mzee Dadkarim. "Macho yakamwishia katikati. Akaendeleza mke wa mwanawe, mtu wa kabila jingine kabisa, hajawahi kusokota hata kamba. Hata ile rangi ya bibi hakujua kuipika. Bibi alikaa kando yake akipapasa kila fundo, likikosewa anamwambia afungue. Wakaenda hivyo mpaka mwisho. Bila mgeni yule, leo tungekaa sakafuni."

Bi Zarbibi aliyapapasa yale mafundo mabaya, akarudi, akayapapasa tena. Miaka yote alilisifu zulia lile mbele za watu, na kumbe hakulijua. Aibu ilimshika, na aibu ile ilimfaa. Hatimaye akasogea, akaacha nafasi kando yake.

"Mwanasha. Njoo ukae hapa."

Mwanasha akaweka sinia chini. "Ngoja kwanza niligeuze, mama, likae uso juu."

"Liache," akasema Bi Zarbibi. "Bado natazama."

Wageni walitoka na habari hiyo, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa nayo. Tangu hapo, anayempima mtu kwa kile kinachoonekana juu huambiwa: ukitaka kulijua zulia, ligeuze.