Hesabu ya Kocha Singano

"Mwenye chuma kifuani ndiye mwenye hesabu." Nimewasikia mkitupiana maneno hayo hapo nje na kucheka, kana kwamba ni utani wa kupitishia muda. Mmeniuliza yametoka wapi. Basi kaeni, na wewe mwenye simu iweke mfukoni. Methali hii ilizaliwa Korogwe, katika banda la mazoezi lililokuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na aliyeilipia gharama yake ni mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Hizza.

Banda lilikuwa la Kocha Singano. Juu mabati, chini mchanga, benchi moja la mbao ngumu, na vyuma vya kuungaunga: gia za malori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Msicheke, humo walitoka watupa tufe waliotisha mkoa mzima. Singano mwenyewe hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Ila alikuwa na sheria mbili, na alizishika kuliko alivyoshika afya yake.

Ya kwanza, hesabu ni ya kocha. Ukilala kwenye benchi, yeye husimama kichwani pako na kuhesabu. Ukiinua ovyo husema, "Hiyo sijaiona," nawe unairudia. Wala hakuna mtu wa kukigusa chuma mpaka hesabu iishe. Ya pili ndiyo iliyokuwa na sumu. Atakayesema "basi" kabla ya hesabu kuisha, wiki nzima atawaamkia wote bandani shikamoo, hata wale aliowazidi umri, nao wataitika marahaba. Mnaona ni mchezo, eti? Haya, fikirini mtu mzima na ndevu zake anamwamkia mtoto wa juzi mbele za watu. Wengi walikuwa radhi wachanike misuli kuliko kulitamka neno hilo.

Hizza alikuwa na sababu ya kuliogopa kuliko wenzake wote. Alikuwa mtupa tufe wa miaka ishirini na tisa, na nusu ya vijana wa bandani aliwafundisha mwenyewe darasa la saba. Wakimwitikia marahaba jioni, asubuhi habari iko shuleni. Angesimamaje tena mbele ya ubao?

Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kufikia mashindano ya mkoa, aliamka shingo imekaza. Akachukua ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto, ndoo ikamponyoka. Akavitazama vidole vyake. Viwili havikuwa na habari naye, alivibana kwa meno asisikie kitu. Hofu ikamwingia pale pale uani, lakini akajiambia nimelala vibaya, itapita. Kutwa nzima akawa anavikunja na kuvikunjua chini ya meza, wanafunzi wasimwone.

Jioni akaenda bandani. Mngekuwa nyinyi mngebaki nyumbani? Hamna lolote, mngekwenda vilevile.

"Leo kumi, Mwalimu," Singano akamwambia huku akifunga makopo kwenye chuma kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, yasiteleze. Ndivyo yalivyofungwa siku zote.

Hizza akafungua kinywa aseme kwamba mkono wake una kasoro. Akamwona Kihiyo amesimama karibu na mlango, Kihiyo yule ambaye yeye Hizza alikuwa akimwadhibu shuleni kwa uchelewaji, sasa ana mabega kama kabati. Akakifumba.

"Kumi," akasema, akalala.

Tano za kwanza zilikwenda. Ya sita ilipopanda, alihisi mkono wa kushoto unaondoka. Si kuchoka. Kuchoka alikujua miaka kumi, huunguza nyama, nawe unaweza kugombana nako. Huku hakukuunguza. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa amemshika mkono gizani, sasa anamwachia kidole kimoja kimoja. Woga ukampanda mpaka masikioni, akasikia mapigo ya moyo wake yakishindana na sauti ya kocha.

"Saba."

Sema basi, akajiambia. Sema sasa hivi.

"Hiyo ya mwisho sijaiona. Saba tena."

Akaisukuma. Chuma kikainama upande, kikarudi. Juu yake aliuona uso wa Singano umegeuka juu chini, kidevu mahali pa paji, na macho hayakuwa yakimtazama yeye, yalikuwa yakitazama chuma. Akatamani kocha ateremshe macho mara moja tu, ayaone yake.

"Nane."

Mkono ukafa. Chuma kikashuka upande wa kushoto, kikabiringika kifuani, kikakaa kooni. Makopo yalikuwa yamefungwa, hayakuweza kuchomoka. Zege lote lile likabaki palepale, shingoni mwa mtu.

"Sukuma, Mwalimu," Singano akasema. "Zimebaki tatu."

Hizza alikuwa sasa analitaka neno lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alilitafuta kwa nguvu zake zote. Lakini neno linahitaji pumzi, na pumzi haikuwa na pa kupita. Akapiga miguu mchangani. Vijana wakadhani anajitahidi, mmoja akampigia makofi ya kumtia moyo.

Ndipo Singano akateremsha macho.

"Hizza," akasema polepole, "unataka basi? Sema basi, nikutoe."

Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Banda zima likasimama likisubiri neno. Hebu lifikirieni hilo, watu kumi na wawili wenye nguvu za kuinua gari, wamesimama wanasubiri mtu asiye na koo azungumze.

Singano akaona midomo inabadilika rangi. Akakishika chuma peke yake, kikamshinda, mgongo wake ulikuwa wa mzee.

"Shikeni," akasema. Hakuna aliyesogea.

"Hesabu haijaisha, Kocha," Kihiyo akajibu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Hakuwa na ubaya. Sheria ilikuwa imemkaa kichwani mpaka ikamziba macho.

"Hesabu ni yangu na nimeifuta! Shikeni, mtu anakufa!"

Wakashika.

Hizza hakufa. Alilazwa wiki tano, na mashindano yakapita yeye akiyasikia redioni. Vidole vilirudi kidogo kidogo. Koo halikurudi. Tangu hapo aliongea kwa mkwaruzo, na darasani wanafunzi wake walijifunza kunyamaza ili wamsikie. Singano alikuwa akienda hospitali kila siku saa za kutazama wagonjwa, anakaa kwenye stuli, hasemi kitu. Manesi walidhani ni baba yake.

Mwezi wa saba Hizza akarudi bandani. Msidhani alirudi shujaa. Alipoliona benchi, ikabidi ashike nguzo. Chuma kilikuwa kitupu, hakina hata kopo, na bado alipolala chini yake jasho lilimtoka kabla hajakigusa.

Singano akasimama kichwani, mikono yake miwili chini ya chuma. Naye alikuwa anaogopa, kila mtu alimwona.

"Ngapi, Mwalimu?" akauliza.

Haikuwahi kuulizwa hivyo katika banda lile. Hizza akakishika chuma.

"Mbili."

Akainua moja. Akainua ya pili. Kila mtu aliona kwamba nguvu ya kuinua ya tatu ilikuwepo, tena ya nne.

"Basi," akasema.

Akaketi, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Kihiyo, maana kwake sheria ilikuwa bado sheria.

"Shikamoo," akamwambia kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

Kihiyo akainamisha kichwa. Wakasubiri aitike, hakuitika. Hizza akamwendea wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyeweza kusema marahaba.

"Keti, Mwalimu," Singano akasema. "Mimi miaka yote nilikuwa nahesabu nikiwa nimesimama. Aliyekuwa chini ni wewe." Akawageukia vijana. "Kuanzia leo ninayemfundisha nitamuuliza, naye atanijibu kweli. Mwenye chuma kifuani ndiye mwenye hesabu."