Siku Nne za Muhogo Mchungu

"Mila isiyo na sababu, sababu yake i kaburini." Mmeisikia leo jikoni, mkacheka na kusema wazee tunapenda mafumbo. Hakuna fumbo hapo. Methali hii ilianza hivi, na msinikatize, maana kuisimulia kwataka moyo.

Alikuwako mwanamke kijana, Somoe, aliyeolewa kijiji chenye mchanga usiokubali ila muhogo mchungu. Mama mkwe wake, Bi Nakanje, alimfundisha: menya, loweka mtungini siku nne, anika ukauke kabisa, ndipo utwange. Somoe alikuwa na akili kali na ulimi mwepesi.

"Mama, kwa nini nne? Kwa nini si mbili?"

"Ndivyo tulivyokuta."

Somoe akacheka kimoyomoyo. Jibu gani hilo, jamani?

Ukaja mwaka wa ukame. Kunde zikakauka, mboga hakuna, ikabaki mihogo tu. Bintiye Atiye, wa miaka sita, alishinda akilia njaa, na siku nne zikawa hazifiki. Somoe akaloweka muhogo siku moja, akaanika, akatwanga, akasonga ugali. Alikula yeye kwanza, akangoja. Hakuumwa hata tumbo. Akampa mtoto. Mama gani asingempa?

Majirani walipoona kwake kunapikwa kila siku, wakamwiga. Bi Nakanje alinung'unika, lakini alipoulizwa madhara yako wapi, alirudia yaleyale: ndivyo tulivyokuta. Kisha akanawa mikono, akala nao.

Mwezi wa pili wa kula hivyo, asubuhi moja, Atiye aliitwa aamke, hakusimama.

"Mama, miguu haitaki."

Ilikuwa imekakamaa kama mchi. Waganga wakaitwa, dawa zikachemshwa, wapi! Kabla ya mvua kunyesha, watoto watatu wa majirani wakawa vivyo hivyo. Nyumba chache zilizongoja siku zao nne, kwa woga tu wa kuvunja mila, watoto wao walikonda lakini walikuwa wakikimbia.

Somoe akamwangukia mama mkwe wake miguuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Sikujua. Hata aliyenifundisha hakujua."

"Basi nani alijua?"

Bi Nakanje alikuwa analia. "Sasa naona: waliopunguza siku zamani zile, wakazika watoto wao. Mmoja alijaribu moja, mwingine mbili, hatujui wangapi. Waliongoja nne ndio waliobaki wakazaa, ndio waliotulea sisi. Tukarithi kungoja kwao. Sababu haikurithiwa."

Atiye hakutembea tena. Somoe alimbeba mgongoni mpaka binti akawa mzito kumshinda, na uchungu ule haukumtoka hata siku moja. Bi harusi mgeni akiuliza kwa nini siku nne, Somoe aliweka mchi chini. Alimnyoshea kidole Atiye pale mkekani, na mgeni hakuuliza mara ya pili.

Kisha Atiye akafa, na Somoe akamfuata mwaka uleule. Wakaja wake wengine, wenye akili zao, nao wakauliza: kwa nini nne, kwa nini si mbili? Wakubwa wakatazama mkekani. Hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa. Ndipo bibi mmoja, aliyewaosha Atiye na mamaye siku za kuzikwa kwao, kwa mikono yake, akajibu:

"Mila isiyo na sababu, sababu yake i kaburini."