Ua la Bwana Korongo

Paukwa!

— Pakawa!

Mko macho?

— Macho kodo!

Basi sogeeni. Hapo zamani za kale, Bwana Korongo alirudi kutoka safari ya mbali, akafikia kwa Bi Ngiri. Alimletea mbegu moja. Zawadi ya mgeni haikataliwi, basi Bi Ngiri akaipanda mlangoni pa shimo lake.

Likachanua ua la manjano, zuri ajabu, likazaa mengine tele! Ikaja harusi ya Swala. Wanyama wote wakamwendea Bi Ngiri: "Shoga, tugawie na sisi!" Akagawa bila hiyana. Wakachomeka maua mikiani, wakacheza ngoma nyika nzima. Mbegu zikapukutika kila walipokanyaga.

Mvua iliponyesha, nyika yote ikawa manjano. Nyasi zikasongwa, zikafa. Ua lenyewe chungu, haliliki. Watoto wa Bi Ngiri wakalia njaa.

Nyati akasema, "Nitalikanyaga!" Akakanyaga, akakanyaga. Kila kipande kilichogusa udongo kikaota.

Punda Milia akasema, "Nitalikata kwa meno!" Akakata, akakata. Kila shina likachipua matawi matatu.

"Basi tuhame," wakasema.

"Nyinyi mna miguu mirefu," akajibu Bi Ngiri. "Wanangu hawa watafika wapi? Nimelipanda mimi, nitaling'oa mimi."

Akapiga magoti, akazamisha meno yake ardhini, akaimba:

*Chimba, Ngiri, chimba,*
*mpaka mzizini chimba!*

Wenzake wakaangua kicheko. "Bi Ngiri, unampigia nani magoti?"

"Nawapigia wanangu."

Kicheko kikawakauka. Bi Ngiri akachimba kabla mbegu hazijakomaa, mizizi akaianika juu ya mwamba. Magoti yakachubuka, yakatoka damu, yakaota sugu. Hakuacha. Nyati akaona haya, akaja na pembe zake. Punda Milia akaja na kwato zake. Nyika nzima ikaimba:

*Chimba, Ngiri, chimba,*
*mpaka mzizini chimba!*

Mvua ya tatu, nyasi zikarudi. Bwana Korongo naye huyo, na mbegu nyingine mdomoni!

"Karibu sana, shemeji," akasema Bi Ngiri. "Wewe pita ndani. Mbegu iache pale juu ya mwamba."

Ndiyo maana hata leo ngiri hula amepiga magoti. Nanyi, kigeni kikiwapendeza, kijueni kwanza kabla ya kukipa ardhi yenu. Na ulichokosea kupanda, usione haya kukipigia magoti ukaking'oa.

Hadithi imefika mzizini. Tamu yake gawaneni, chungu yake nirudishieni mwenyewe.