Uji wa Sultani Hamdani

Palikuwa na Sultani mmoja, Hamdani jina lake, tajiri wa kila kitu isipokuwa subira. Akipanda machela, kile kiti chake cha kubebwa mabegani, alitaka kiende mbio. Akitaka kushuka, kisimame pale pale. Wachukuzi wake wanne walikuwa na desturi yao: kabla ya kusimama, wa mbele huimba, "Mabega, taratiiibu!" na wote hufupisha hatua kidogo kidogo mpaka machela itulie. Sultani akaupiga marufuku wimbo huo. Yeye, mtoto wa masultani, asimamishwe kwa wimbo wa hamali? Mbiu ikapigwa mji mzima: Sultani akisema simama, ni kusimama papo hapo. Atakayekaidi, viboko mia.

Haya. Siku ya gulio, machela ikiteremka mtaa wa soko kwa mbio, Sultani akamwona mshona kanzu amevaa kofia nzuri kuliko yake. Roho ikamuuma.

"Simama!"

Wachukuzi wakakita miguu. Machela ikasimama. Sultani, masikini, akaendelea na safari peke yake, kichwa mbele, mpaka ndani ya tenga la nyanya. Kanzu nyeupe ikawa nyekundu, na bibi mmoja pale akaanza kumwombea maiti.

Maiti akainuka, akamnyooshea kidole mchukuzi wa nyuma, Feruzi.

"Huyu kanisukuma! Viboko mia!"

Feruzi hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na mgongo na mabega mawili, na hivyo ndivyo vilivyomlisha mkewe na watoto watano. Mgongo ukishachanwa kwa viboko mia, utabeba nini tena? Aliogopa kweli kweli njia nzima ya kwenda barazani. Ulimi wake tu ndio haukuogopa, kwani ulizoea vita.

"Feruzi, ulinisukuma?"

"Hapana, Maulana. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mti wa machela. Ningekusukuma kwa nini, kwa pua?"

Baraza likacheka, kisha likajifanya linakohoa.

"Basi nani kanisukuma?"

"Hakuna."

"Hakuna! Mimi ni panzi, nijirukie tu?"

"Hukuruka, Maulana. Ulikuwa unakwenda mbio sawasawa na machela. Machela tuliizuia. Wewe hapakuwa na wa kukuzuia, ukaendelea na mwendo ule ule uliokuwa nao."

"Mwendo gani? Nilikuwa nimekaa kitako!"

"Ulikaa, na ulikuwa unakwenda. Kilicho mwendoni hakisimami mpaka kipate wa kukizuia. Wewe ulimpata Bi Nyanya."

Kadhi Muhidini, aliyekaa ubavuni mwa Sultani, akauliza, "Una ushahidi?"

"Leteni bakuli la uji, Sheikh, lijae pomoni. Lifungwe kwa kamba pale anapokaa Maulana. Tutakimbia nalo, yeye aseme simama. Mkiona mkono wa mtu umegusa uji, nichapeni mia mbili."

Uji ukaletwa, bakuli likafungwa. Wachukuzi wakauzunguka ua mara mbili kwa mbio, wakaja moja kwa moja kuelekea barazani.

"Simama!" akanguruma Sultani.

Wakasimama. Machela ikasimama. Bakuli nalo likabaki pale pale, limefungwa. Uji ukaendelea, ukatua kwenye ndevu za Kadhi.

Kadhi akajipangusa taratibu. "Hakuna aliyeusukuma," akasema kwa uchungu. "Nimeuona ukija."

Watu wakashika mbavu. Sultani akaona anashindwa mbele ya raia zake, akapandwa na hasira.

"Uji huo nao ni mkaidi! Nimesema simama, haukusimama!"

"Tuuchape, Maulana?"

"Mpumbavu we! Uji hauna masikio, utaisikiaje amri? Anayestahili viboko ni yule aliyesikia simama kwa masikio yake mwenyewe, kisha asisimame!"

"Hata kama ni mtu mkubwa?"

"Hata awe nani! Andika, Kadhi. Mia, bila kupunguza hata kimoja!"

Kadhi akachovya kalamu, akaandika, akapiga muhuri.

Feruzi akainamisha kichwa kwa adabu. "Amri yako juu ya vichwa vyetu, Maulana. Leo sokoni uliposema simama, sisi wanne tulisikia, tukasimama. Muuza nyanya alisikia, akasimama. Hata mshona kanzu alisimama. Alibaki mmoja tu, mwenye masikio yake mawili mazima, aliyeisikia amri kabla yetu sote maana ilitoka kinywani mwake, naye alikwenda hatua tatu zaidi. Sasa, Maulana, nani avue kanzu?"