Siku Bi Atika Aliposhindwa Kusema "Mimi ni Mzima"

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki alikuwako mwanamke mchamungu aliyeitwa Bi Atika. Wanawake walioelemewa na huzuni walimwendea awasomee dua. Ada ya mji ule ilikuwa msomaji aweke mkono juu ya kifua cha mgonjwa, kisha atamke: "Mimi ni mzima, kwa idhini ya Mola, nawe uwe mzima." Asiyeweza kuyasema maneno hayo hakuruhusiwa kumsomea mtu.

Bi Atika aliyasema kwa miaka saba, na kila alipoyasema moyo ulimchoma, kwa maana alijijua.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, Bi Hamduna alimleta mke wa mwanawe, Lubaba. Kitoto cha Lubaba, ambacho hata arubaini hakijatimiza, kilikuwa kimekufa kitandani, mama yake amekilalia usingizini. Siku tano zilikuwa zimepita, na Lubaba hakuwa amemeza chakula.

"Msomee, Bi Atika," alisema Bi Hamduna. "Maji anayadonoa kama kuku, uji anautema. Nimechoka kumbembeleza kama bibi harusi."

Bi Atika akaweka mkono. Lubaba akafumbua macho, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, wewe ni mzima kweli?"

Bi Atika akapima moyoni. Akisema ndiyo, binti huyu hatamwamini, atarudi nyumbani akafe kwa njaa. Akisema siyo, hakuna atakayebisha hodi kwake tena. Akamwomba Mola msaada kimoyomoyo, kisha akauondoa mkono wake.

"La, mwanangu. Mimi si mzima. Nilikuwa na mtoto, Yahya. Nilimwacha karibu na tanuri, nikaenda kuzungumza na jirani. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkate, namsikia akilia."

Bi Hamduna akaruka. "Astaghafirullah! Kweli mganga hajigangi! Na miaka yote hii tunakuletea wagonjwa wetu! Inuka, Lubaba, twende zetu."

Lubaba hakuinuka. "Ulikula lini baada yake?"

"Siku ya sita. Tende moja. Jirani yule yule aliimega, akanitia kinywani. Nikamwuma kidole kwa hasira."

"Ukaimeza?"

"Nikaimeza huku nalia."

Bi Atika akachukua tende, akaimega. Lubaba akaitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua kinywa. Bi Hamduna, aliyekwisha kufika mlangoni, akakaa kitako pale pale, akajifunika uso kwa ushungi wake.

Habari ikaenea. Wakubwa wa mji wakamkataza Bi Atika kusoma, naye akatii kwa subira. Lakini waliofiwa hawakuacha kuja. Hawakuja kusomewa, walikuja kukaa naye.

Ndugu zangu waumini, mponyaji ni Mwenyezi Mungu peke yake. Nasi tuliojeruhiwa tusijifiche sana. Huenda kidonda unachokionea haya ndicho kitakachomfanya mwenzio aamini kwamba mtu anaweza kula tena.