Kiboko Aliyekataa Kuelewa

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni.
Imekuja na nini?
— Na uongo kibaba, na utamu pishi nzima.
Tuiketishe wapi?
— Hapa katikati yetu, isipate baridi.

Basi sogeeni, sogeeni karibu, na wewe mdogo njoo hapa mapajani, maana hadithi hii ina mtoto ndani yake na siwezi kuisimulia huku sijui wangu yuko wapi.

Palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua, kale kanyama ka majabalini kasiko na mkia, ukikaona utadhani ni panya aliyeachwa kabla hajamaliziwa. Huyu Pimbi alikuwa mama kijana, mumewe amechukuliwa na Tai, amebaki na mtoto mmoja anaitwa Chembe. Na Chembe alikuwa mdogo, mdogo hivi kwamba akilala anaenea kwapani mwa mama yake, anaenea kabisa, mkono ukishushwa haonekani.

Sasa huko majabalini kulikuwa na shida moja. Mchana jua linachoma mawe, jioni baridi inayashika, na jiwe likipoa ghafla linalia, ka! Watoto wa mapimbi wakisikia ka! wanasema jini ameamka, wanatoka mapangoni mbio, piripiti piripiti, mpaka nje kwenye uwazi. Na Tai yuko juu anazunguka, anaijua saa ya mawe kulia kama mnavyoijua nyinyi saa ya uji. Hapakuwa na mwalimu hata mmoja wa kuwaambia watoto wale, kaeni, ni jiwe tu. Pimbi akasema moyoni, nitakwenda kusoma ualimu, nikirudi nitawaambia mimi.

Chuo kilikuwa chini bondeni, upande wa mashariki, kando ya bwawa. Wanyama walikwenda pale kujifunza kufundisha watoto mambo ya dunia: kwa nini hiki kinaelea na kile kinazama, mvua inatoka wapi, mawe yanavunjikaje, kivuli kinakimbia nini. Pimbi akamwacha Chembe kwa bibi yake, bibi ambaye macho yake yameanza ukungu. Akampandisha mtoto kwenye jiwe la kileleni, akamwambia, "Mwanangu, jua likienda kuzama, kivuli cha mlima wetu kinashuka mpaka bondeni, kinafika kwenye uwanja wa chuo. Kila jioni panda hapa usimame wima kidogo tu, halafu uingie ndani upesi. Mimi nitakuwa kule chini, kivuli kinapoishia. Nitakuona mchangani."

Na kweli alimwona. Jioni wenzake wakienda kula, yeye anabaki uwanjani. Kivuli cha mlima kinakuja taratibu, kinameza mti, kinameza ua, mpaka ncha yake inafika miguuni pake, na juu ya ncha ile kuna kinundu, kidogo kama punje. Pimbi anapiga magoti anakigusa. Ni mchanga tu, lakini una ubaridi wa kivuli cha mwanawe. Kisha giza linaingia, na kinundu kinakwenda zake.

Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko. Mkubwa, mnene, mdomo kama lango la zizi. Na chuo chake kilikuwa na desturi. Siku ya mtihani mwanachuo anasimama mbele kama mwalimu, na Kiboko anajifanya mtoto wa darasa la tatu. Na kila asubuhi aliwapanga mstari wakariri sheria zake: mtoto hufanya analoambiwa na mwalimu, somo huisha mtoto akisema ameelewa, mtoto akitoroka darasani, mtoro huyo hapewi nyasi. Hizo nyasi ni wanachuo wenyewe waliokata na kubeba, na sehemu kubwa aliila yeye. Mwanachuo aliyefaulu anakwenda kwao. Aliyeshindwa anabaki, anaendelea kukata nyasi.

Mmeshaona ujanja wake.

Nungunungu alifundisha. Alileta boga, akasema watoto, dunia ni mviringo kama boga hili. Kiboko, amejilaza bwawani maji mpaka mabegani, akapiga miayo, hwaaa. "Sijaelewa, mwalimu." Halafu akala boga, maana zana za somo zikimaliza kazi ni mali ya mkuu. Akaila dunia yote na mbegu zake.

Kobe alifundisha. Alichemsha chungu cha viazi, akaonyesha mvuke unavyopanda na kugeuka matone kwenye kifuniko, akasema ndivyo mvua inavyofanywa, maji hupanda bila kuonekana. Kiboko akapiga miayo, hwaaa. "Sijaelewa, mwalimu." Akala viazi.

Pimbi naye alifundisha. Alileta jiwe la kwao, akaeleza linavyotanuka juani na kujikunja kwenye baridi mpaka linapasuka. Alifundisha vizuri, sauti inatetemeka lakini alifundisha vizuri, maana kila neno aliliwazia watoto wa kule juu. Kiboko akapiga miayo, hwaaa. "Sijaelewa, mwalimu." Jiwe haliliki, akalikalia.

Basi wakawa watu wa kukata nyasi. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena. Na kila jioni Pimbi yuko uwanjani, na kila jioni kinundu kipo.

Mpaka jioni moja kivuli kilikuja, ncha ikafika, na juu ya ncha hapakuwa na kitu.

Pimbi akaangalia. Akainama, akapapasa mchanga, huenda limelala jani, huenda ni macho yangu. Ncha ilikuwa laini, haina kinundu. Akakimbia nayo ikienda, akiipapasa, mpaka giza likafunika yote. Nungunungu akamkuta pale, akamwambia labda mtoto ana mafua tu, dada, labda bibi amemkataza. Pimbi akasema labda. Lakini alikuwa anamfikiria Tai, na nyinyi msiojua hofu ya mama mniulize mimi.

Kulipokucha akaenda bwawani. Hakulia mbele ya Kiboko. Alimwomba mtihani mwingine siku ileile, somo la kivuli, zana zake ni matikiti.

Masikio ya Kiboko yakasimama. Akauliza matikiti mangapi. Pimbi akamjibu, mengi, kila kichwa cha kivuli kinapofika panawekwa tikiti. Ila somo hili halifundishiki majini, ndani ya maji hakuna kivuli cha kupima. Mtoto inabidi asimame uwanjani.

Kiboko akatoka bwawani, mate yanamchuruzika, tii, tii, tii, mpaka katikati ya uwanja. Wanachuo wote wakaja kutazama. Naye akasema kama sheria inavyotaka, sauti nyembamba ya kitoto, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mtoto wangu. Leo wewe ndiye kijiti chetu cha kupimia. Simama hapo, usisogee hata kwato, ukisogea tutaanza upya."

Ilikuwa asubuhi, jua liko nyuma yake upande wa bwawa, na kivuli chake kilikuwa kirefu kimelala kuelekea mlimani. Pimbi akakimbia mpaka kwenye kichwa cha kivuli, akaweka tikiti. Akasubiri. Kivuli kikajivuta. Akaweka tikiti jingine, karibu kidogo.

"Unaona, mtoto wangu? Tunaona jua linapanda, lakini si jua linalotembea. Ni dunia inageuka, na wewe uko juu yake. Umeelewa?"

Kiboko akaangalia matikiti. Akaangalia wanachuo, akahesabu mizigo yao ya nyasi. Akapiga miayo, hwaaa. "Sijaelewa, mwalimu. Mimi nimesimama, sijageuka."

"Umesimama, lakini unageuzwa. Kama hindi kwenye makaa."

Wanachuo wakacheka, wakaziba midomo. Jua likapanda. Tikiti jingine, na jingine, kila moja karibu na pua yake kuliko lililopita, anasikia harufu, anatamani, na hawezi kusogea, maana sheria ni zake mwenyewe, mtoro hapewi nyasi. Ngozi ya kiboko, wanangu, si ya kukaa juani. Ni ya maji. Mgongo ukaanza kumwasha. Akatokwa na jasho jekundu, likamtiririka, halafu nalo likakauka.

Pimbi akamuuliza taratibu, kama mwalimu mwema anavyomuuliza mtoto mgumu, yale maji uliyotoka nayo bwawani mgongoni yako wapi sasa.

"Yamekwisha."

"Yamekwenda wapi?"

Kiboko akafikiri. "Yamepanda bila kuonekana," akasema, na Kobe kule nyuma akainua shingo.

"Na jiwe likipigwa na jua sana linafanyaje?"

Mgongoni ngozi ilikuwa inamvuta, inamvuta, kama kiatu kilichosahauliwa juu ya bati. "Linapasuka," akasema.

"Basi umeelewa?"

Mnadhani alikubali? Tamaa ni kitu kigumu. Akawaza, nikisema ndiyo, huyu anakwenda, na nyasi zake zinakwenda. Akasema, "Nimeelewa kidogo, mwalimu."

"Kidogo ni nusu," akasema Pimbi. "Nusu nyingine bado iko juani."

Adhuhuri ikafika. Kivuli kikaingia chini ya tumbo la Kiboko, matikiti yakafika chini ya kidevu chake. Hakuyatazama tena. Alikuwa amegeuza macho nyuma, kwenye bwawa. Lilikuwa palepale, linameremeta, karibu, na yeye hafiki. Pimbi akayaona macho yale akayajua. Ni macho yake mwenyewe ya jioni. Akasogea karibu, akamwambia kwa sauti ya chini, wengine hawakusikia.

"Unatamani kwenda, mtoto wangu?"

"Natamani, mwalimu."

"Unapaona?"

"Napaona."

"Na anayekuzuia ni nani?"

Kiboko akaitazama mizigo ya nyasi. Lakini jua halikumsubiri. Likavuka kidogo, kidogo tu, na kivuli chake kikatoka upande wa pili, kikaanza kunyoosha shingo kuelekea bwawani. Kikasogea, kikasogea. Kiboko akakitazama. Kivuli chake mwenyewe kinamtangulia kwenda kuoga.

"Nimeelewa!" akapiga kelele. "Nimeelewa, mwalimu, nimeelewa yote!"

"Na ya boga?" akadakia Nungunungu.

"Na ya boga!"

"Na ya mvua?" akasema Kobe.

"Na ya mvua, na ya jiwe, nendeni wote makwenu!"

Akageuka, matikiti ya karibu yanapasuka miguuni, na mbio, tii-tii-tii-tii, mpaka bwawani, chubwiii.

Wengine wakabaki wanakula matikiti na kupongezana. Pimbi alikuwa ameshaondoka. Piripiti piripiti, amevuka bonde, piripiti piripiti, ameanza kupanda. Jua likamshinda mbio, likaenda upande wa kwao, na kivuli cha mlima kikaanza kushuka kumlaki. Kilipomfikia akasimama, ingawa hakutaka kusimama. Akatazama ncha.

Haina kitu.

Akaingia kivulini, akapanda gizagiza lile huku anaita jina, anaita halafu ananyamaza kwa kuogopa Tai asisikie, halafu anaita tena. Na katikati ya mlima, chini ya jiwe, kitu kikasogea.

"Mama?"

Alikuwa Chembe. Miguu ina vumbi, sikio limechanika na miiba. Pimbi akamshika, akamgeuza huku na huku, akamgombeza, akambusu, akamgombeza tena. Bibi yako anajua uko wapi, unajua ulichonifanya, kwa nini hukupanda juu ya jiwe jana?

"Nilikuwa nakuja," akasema Chembe. "Kivuli kinaishia kwako, mama, ulisema. Nikasema nikishuka nacho nitafika. Lakini kinakwenda haraka, halafu kukawa usiku, nikalala hapa. Leo mchana Tai alikuwa juu, nikajificha chini ya jiwe."

Pimbi akamkumbatia, akaufungua mkono amweke kwapani, mahali pake palepale. Chembe hakuenea. Kichwa kilitokeza mbele, miguu ikabaki nje. Mama akamsukuma kidogo, akamkunja, akajaribu upande wa pili. Hakuenea. Maana kivuli, wanangu, kilimwambia kila jioni kwamba yupo. Hakikumwambia kwamba anakua.

Wakakaa hivyohivyo, nusu ndani nusu nje. Baridi ikashuka juu ya mawe. Na jiwe lililokuwa karibu yao likalia, ka!

Chembe akaruka akimbilie nje. Mama akamshika. "Kaa. Ni jiwe tu linapoa."

Chembe akatulia, anatetemeka. Pimbi akamweleza, jua lilivyolitanua mchana, baridi inavyolikunja sasa. Halafu akamuuliza, "Umeelewa?"

"Sijaelewa, mama," akasema Chembe. "Lakini sikimbii."

Basi akamweleza tena, polepole, tangu mwanzo. Na mtoto akasema bado. Akamweleza tena. Juu yao Tai alizunguka, akazunguka, hakuona mtoto uwazini, akaenda kulala na njaa.

Na funzo lake? Funzo ni kwamba mkubwa akisema hajaelewa ni kweli hajaelewa, wakubwa hawasemi uongo, hasa wanaokula zana. Na kwamba mama akienda mbali mtoto humsahau mara moja, wala hashuki milima kumtafuta. Na kwamba kivuli si kitu, msikitazame. Shikeni hilo, mkalale.

Hadithi imesimama, inaaga.
— Ipite mlango gani?
Uleule iliojia.
— Imechukua nini?
Uongo wake wote, kibaba kizima.
— Imetuachia nini?
Wewe mdogo, usishuke mapajani. Imetuachia utamu.